Kasha na Mtunzaji Wake

Je, mtu ana wajibu wa kuhifadhi kila kitu anachoweza kukihifadhi? Zamani swali hili halikuwa na uzito, kwa sababu uwezo wenyewe haukuwapo. Mchwa, panya, mvua na barua za uhamisho vilituamulia. Mtumishi wa serikali aliyehamishwa mara sita katika maisha yake ya kazi alibeba masanduku mawili, na kilichozidi kikabaki kwa jirani au kikawashiwa moto wa kuchemshia maji ya safari. Hapana aliyemlaumu. Leo uwezo umekuja, tena kwa gharama ambayo watoto wanne wenye kazi wanaweza kuichanga, na swali limekuja pamoja nao.

Kwangu mimi lilikuja kwa sura ya kasha la chuma. Wanangu walikata shauri kwamba nyumba yetu ya Tanga iwe na seva, yaani kompyuta isiyozimwa, ambayo kazi yake si kuandikia barua bali kuweka mafaili ya ukoo mzima ili kila mmoja ayafikie popote alipo. Mkubwa wao, ambaye ni fundi wa mitandao, alikuwa na fremu ya chuma aliyoinunua katika mnada wa ofisi iliyofungwa. Ndani ya fremu hiyo tayari alikwisha kufunga swichi ya mtandao na betri ya UPS. Kilichobaki ni kasha la kubebea diski, litakaloingia katika fremu na kufungwa kwa skrubu zake. Aliniachia mimi nichague, kwa kuwa vingi vitakavyotiwa ndani ni vyangu. Nilitumia miezi mitatu. Vijana walicheka, lakini mimi sioni kwamba ilikuwa mirefu mno, nami nitaeleza kwa nini.

Kwanza kuna jambo lililonipa furaha ambayo sikuitazamia. Fremu hizi zina kipimo kimoja dunia nzima. Upana wa uso wake ni inchi 19. Kimo huhesabiwa kwa kipimo kiitwacho U, ambacho ni inchi moja na robo tatu, sawa na milimita 44.45. Kasha la 2U lina vipimo viwili kwenda juu, la 4U vinne, na kadhalika. Upana huo ulianza kukubaliwa katika mitambo ya simu ya Marekani miaka ya 1920, wakati baba yangu alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na hata leo uso wa kasha ni inchi 19. Linganisha, msomaji, na vitu vingine vya kuwekea kumbukumbu. Kaseti zililetwa na Philips mwaka 1963, na leo kuipata redio nzima ya kuzipiga ni kazi. Diskete za inchi 3.5 Sony waliacha kuzitengeneza mwaka 2011. Mimi ninazo diskete katika bati la biskuti, na nyumbani hamna kompyuta yenye mdomo wa kuzipokea. Vyombo vinavyobeba maneno vimekufa kimoja baada ya kingine, ilhali fremu ya kushikilia vyombo imedumu karne nzima. Imedumu kwa sababu kila mwenye kiwanda alikubali kupunguza uhuru wake wa kuunda apendavyo, ili mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, aweze kufunga kasha lake bila kupiga hodi kwake. Mwalimu anayefuata muhtasari wa masomo hufanya jambo lilo hilo, ingawa hapana anayemshukuru.

Sasa nije kwenye kuchagua. Mwanangu aliniletea mapendekezo, na la kwanza lilikuwa kasha la 2U lililotumika, lililotoka katika jengo la mitambo ya kampuni fulani. Lilikuwa na nafasi 12 za diski, mistari mitatu ya diski nne nne, na bei yake ilikuwa nusu ya makasha mapya. Nilikwenda nalo dukani Dar es Salaam, nikaomba liwashwe. Lilipiga kelele kama mashine ya kukoboa mpunga. Fundi wa duka alinieleza sababu, nami naieleza hapa kwa maana ina mafunzo. Kasha likiwa fupi, feni zake nazo huwa ndogo: katika 1U ni za milimita 40 hivi, katika 2U hazizidi 80, katika 4U huingia za 120. Feni ndogo haina budi kuzunguka kwa kasi sana ili isukume hewa ambayo feni kubwa huisukuma kwa utulivu. Waliounda kasha lile hawakuwa na kosa. Waliliunda kwa ajili ya chumba ambacho hakilali mtu.

Nyumba yetu hulala watu. Fremu imekaa katika ukumbi, na mlango unaofuata ni wa dada yangu mkubwa, ambaye amepita miaka themanini na usingizi wake ni mwepesi kama wa ndege. Hapo ndipo nilipoona kwamba bei nafuu si kila mara huwa nafuu. Wakati mwingine gharama huhamishwa kutoka mfuko wa mnunuzi ikapelekwa mahali pengine, na hapo pengine palikuwa kitandani kwa mtu ambaye hakuulizwa. Mwanangu alisema, “Baba, shangazi atazoea.” Pengine angezoea. Wazee huzoea mengi kwa sababu hawapendi kuwa mzigo. Lakini kuzoea kwake kusingekuwa ruhusa yake. Kasha la 2U tukaliacha.

Mambo ya urefu wa kwenda nyuma nitayapitia haraka. Makasha mengi ya viwandani yana kina cha milimita 650 hadi 700, nayo fremu yetu ina 600. Mtu akitazama picha ya mbele tu haoni hilo, na kasha likifika hutokeza nyuma kama mguu wa mgonjwa kwenye kitanda kifupi. Pima kwanza, na uongeze nafasi ya nyaya. Kadhalika usidanganywe na mlango wa mbele wenye kufuli na taa za rangi. Tazama nyuma ya diski, palipo na kibao cha saketi kinachozipokea: kama kibao hicho hakina matundu ya kutosha, hewa haipiti, na diski hupikwa. Wengi wa watengenezaji wa diski huweka kikomo cha joto kwenye nyuzi 60, lakini mwenye busara hataki zifike huko, na Tanga mwezi wa pili si mahali pa kufanyia majaribio. Chujio la vumbi liwe la kutoka kwa mkono, bila bisibisi. Nitalirudia jambo la chujio.

Kilichonichukua muda ni hesabu ya nafasi. Pendekezo la pili lilikuwa kasha la 4U lenye nafasi 24. Mwanangu alilipenda sana. Hoja yake ilikuwa ile ya kila mtu: nafasi ikiwapo haidhuru, na kesho mahitaji yatakua. Ni hoja nzuri, na nimeisikia kwa wajenzi wa madarasa, kwa wanunuzi wa magari na kwa vijana wanaooa. Lakini tulikaa mezani tukahesabu. Diski moja ya inchi 3.5 ina uzito wa gramu 700 hivi. Ishirini na nne ni karibu kilo 17, kabla ya kulipima kasha lenyewe. Diski moja inayozunguka hula wati sita hivi. Ishirini na nne hula wati 144, na kwa kuwa hazizimwi, ni zaidi ya uniti tatu za LUKU kila siku, au uniti 103 na ushei kwa mwezi. Hizo ni diski tu. Nikamwuliza nani atanunua umeme huo nikishakwenda mimi. Akanyamaza.

Kisha tukahesabu tulicho nacho. Hapa ndipo nilipopata mshangao. Nina kanda 112 za kaseti, za dakika 60 kila moja, ambazo walimu wanafunzi wa chuo chetu walirekodi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, walipokuwa wakipelekwa vijijini kwa mazoezi ya kufundisha. Hizo ndizo zama za UPE, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, tulipohitaji walimu wengi kwa haraka. Niliwaagiza jioni wakae na wazee na kuwauliza habari za majina ya mahali, tiba, unyago, njaa za zamani na ugomvi wa mipaka. Wengi wa wazee hao hawakupata kupigwa picha hata moja maishani mwao. Sauti ya saa moja, kwa ubora wa CD, huchukua megabaiti 635 hivi. Kwa hiyo kanda zote 112 huchukua gigabaiti 71. Huweza kuingia katika kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na nafasi ikabaki.

Video za harusi ya mjukuu wangu, kama zilivyotoka katika kamera mbili kabla ya kukatwa na kupangwa, ni gigabaiti 380.

Nilitaka kutoa hotuba juu ya jambo hilo. Nilikuwa na maneno tayari: sauti za vijiji kumi na vitatu zachukua chini ya sehemu moja kwa tano ya mchana mmoja wa pilau na vifijo. Mama watoto, aliyekuwa akichambua mchele, alinikata kauli. “Hao wazee wako nao walikuwa maharusi siku moja,” alisema. “Lau angekuwapo wa kuwarekodi siku ile, leo ungelia kwa furaha.” Sikuwa na jibu, na bado sina. Baada ya miaka hamsini yumkini mtu atatafuta katika video hizo namna shangazi fulani alivyocheka, au jinsi mtaa ulivyokuwa kabla haujajengwa ghorofa. Thamani ya kitu cha kuhifadhiwa haijulikani siku kinapohifadhiwa. Hii ndiyo hoja ya kweli ya kasha kubwa, nayo ni nzito kuliko ile ya mwanangu.

Hata hivyo, hoja hiyo ina upungufu. Inazungumzia kuweka, haizungumzii kutunza. Kanda zangu 112 zina thamani kwa sababu kila moja ina karatasi: jina la mzee, kijiji, tarehe, jina la mwanafunzi aliyerekodi, na mambo yaliyosemwa. Zipo nyingine tisa ambazo karatasi zake zililiwa na mchwa. Nimezisikiliza. Ni sauti nzuri, ya mzee mmoja hasa, inayosimulia safari ya miguu kwenda pwani. Simjui ni nani. Simjui wa kumwuliza. Sauti yake ipo na mwenyewe hayupo, si kwa maana ya kufa tu bali kwa maana ya kutokuwa wa mtu yeyote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sasa naona kwamba yaweza kupotea huku imelala salama mbele ya macho yako, katika diski isiyo na hitilafu, katika kasha zuri la 4U.

Kwa hiyo nikabadili kipimo. Nikaacha kuuliza tuna gigabaiti ngapi, nikauliza tuna mikono mingapi. Ni nani atakayefungua faili na kuandika majina? Ni nani atakayesikia feni imebadili sauti? Diski ikifa, na diski hufa, ni nani atakayeitoa na kutia nyingine ndani ya siku mbili badala ya kusema atafanya Jumapili? Kwa uaminifu tulipata watu watatu: mimi, mwanangu, na mjukuu wa kike wa kidato cha tatu ambaye ana uvumilivu kuliko sisi wote. Watu watatu hawatunzi diski 24.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kutoweka fedha zote katika kasha moja, nayo ni ya kiufundi, ingawa wauzaji huipitia haraka. Diski nyingi katika kasha moja huokoana moja inapokufa. Lakini mwizi akibeba kasha, au radi ikipiga, au mtu akifuta faili kwa amri yake mwenyewe, zote huangamia kwa pamoja. Kuongeza diski ndani ya kasha si kuongeza nakala. Nakala ni ile iliyo mahali pengine, na yetu iko Mwanza kwa binti yangu, katika kompyuta ya kawaida isiyo na fahari yoyote, ikipokea mapya kila usiku umeme ukiwapo.

Nimebakiza jambo moja lililo gumu kuliko yote, ambalo hesabu haikulisaidia.

Ninazo daftari 31 za ukaguzi. Si nyaraka za chuo. Nyaraka za chuo zilibaki chuoni. Hizi ni daftari zangu mwenyewe, nilizoandika nikiwa nimekaa dawati la nyuma, nikimtazama mwalimu mwanafunzi akifundisha. Ndani yake mna mamia ya vijana, kwa majina, pamoja na maneno ambayo mtu huyaandika akijua kwamba hapana atakayeyasoma. Mengine ni ya kusifu. Mengine ni makali. Baadhi ya waliotajwa sasa ni wakuu wa shule wastaafu, wengine wamekufa, wengine waliacha kazi kwa sababu ambazo sipendi kuzikisia. Mwanangu alikuwa tayari kuzipiga picha zote. Wiki mbili tu, alisema.

Wazo langu lilikuwa kwamba karatasi ina huruma yake. Hunyauka, wino hupauka, mchwa hupita, na aibu ya kijana wa miaka ishirini na mmoja hufa kabla ya mwenyewe. Diski haina huruma hiyo: herufi ya leo itakuwa ileile baada ya kunakiliwa mara mia. Tena iliyonakiliwa haiko mahali pamoja; iko Tanga, iko Mwanza, na kesho mjukuu huinakili kwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeyapa mambo haya vifungu na adhabu, lakini mtu aliyelelewa vizuri alikwisha kujua bila sheria kwamba habari ya mwenzio iliyo mkononi mwako si mali yako yote. Nilikuwa nimeamua kuzichoma.

Wakati huo alinijia mgeni, mwanamke aliyestaafu ualimu mwaka uliopita. Nilimfundisha. Alinisalimu, “Shikamoo Mkuu,” kana kwamba bado tuko kwenye paredi. Katika mazungumzo akauliza kama bado ninazo zile daftari nyeusi, maana wanafunzi wote walizijua na kuziogopa. Nikasema ninazo. Akaomba nimsomee yake. Niliitafuta: mwaka 1983, darasa la nne, somo la hesabu. Niliandika kwamba anapaza sauti ili kuficha kwamba hakuliandaa somo, na kwamba mtoto aliyekaa karibu na dirisha aliinua mkono mara tano bila kuonwa.

Nilisoma taratibu, nikitazamia audhike. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa khanga. Kisha akakaa kimya kwa muda. Akasema, “Yule mtoto wa dirishani nimemtafuta miaka thelathini na minane, katika kila darasa.” Akaomba nimtolee fotokopi ya ukurasa ule, ampe binti yake aliyeajiriwa kufundisha mwaka huo.

Basi huruma yangu ingemnyang'anya kitu alichokitaka. Lakini huyu ni mmoja, tena ni yule aliyekuja. Wasiokuja wana sababu zao, na kimya chao si ombi la fotokopi. Sikuona njia ya kuwapa haki wote kwa kanuni moja. Nilichofanya ni hiki: daftari hazikuchomwa wala hazikuingizwa katika seva. Zimo kabatini, nakala moja tu, karatasi yenyewe pamoja na mchwa wake. Anayekuja husomewa ukurasa wake na si wa mwingine. Nilimwambia mwanangu kwamba nikifa azichome. Alinitazama akasema, “Baba, hilo siwezi kukuahidi.” Nimemwuliza mara mbili tena, na jibu ni hilohilo. Ni kijana mwema na hasemi uongo, kwa hiyo sijui mwisho wa daftari hizo utakuwaje.

Kasha tulilonunua ni la 4U, fupi kwa nyuma, milimita 450, lenye feni za 120 na nafasi nane. Nafasi nne zina diski, za terabaiti 4 kila moja, zimepangwa mbili mbili ili kila moja iwe na pacha wake. Nne nyingine zimefunikwa kwa vibao vya plastiki, kwa sababu tundu likiachwa wazi hewa hupitia hapo na kuziacha diski zenye joto. Dada yangu anasema husikia sauti kama ya jokofu la jirani, basi. Chujio husafishwa kila Jumamosi na mjukuu, ambaye hulipiga kwenye ukuta wa nje na kuandika tarehe katika kitabu kilichofungwa kwa uzi kwenye fremu. Vumbi la wiki moja ni jingi kuliko mtu anavyodhani.

Kuhusu nafasi nne zilizofunikwa tumekubaliana kwamba haitajazwa hata moja mpaka apatikane mtu wa kuitunza, kwa jina lake, na jina liandikwe kwenye kitabu cha chujio. Mwezi uliopita mwenzangu mmoja tuliyefundisha pamoja, anayeishi Muheza, aliniletea habari kwamba ana kanda zipatazo arobaini za kwaya na mikutano ya shule, na ameambiwa na watu kwamba nyumbani kwangu kuna mahali pa kuziweka. Aliuliza azitume kwa basi. Nimemjibu asizitume. Azilete mwenyewe, na akae wiki nzima, chumba kipo, tuzisikilize pamoja mjukuu akiandika, maana waimbaji wa safu ya nyuma ni yeye peke yake aliyebaki anayewajua kwa majina.